Kabla ya Kulaumu Kampuni, Pima Waifai ya Nyumbani

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na vijana na wafanyabiashara, Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kijamii.

Ahsanteni kwa kufunga maduka asubuhi ya Jumamosi ili mje kusikiliza habari za waifai.

Nianze kwa kukiri kosa. Mwaka jana tulikuwa na kikao cha jioni kwa njia ya mtandao ili watu wanaokuwa kazini mchana nao watoe maoni kuhusu bajeti. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake, kwa hivyo kikao kama hicho si hisani. Kazi yangu ilikuwa kusoma maswali yaliyotumwa kwa ujumbe mfupi. Nilikuwa nyumbani, chumbani, kipakatalishi mapajani. Nilisoma maswali manne, skrini ikaganda. Nikarudi, nikasoma moja, nikatupwa nje tena. Niliporudi mara ya tatu, kikao kilikuwa kimefungwa na maswali sita yalikuwa bado kwenye simu yangu.

Kesho yake niliyawasilisha kwa maandishi. Lakini mama mmoja aliyekuwa ameuliza kuhusu kisima cha kijijini kwao alinikuta sokoni akaniuliza, "Mwanangu, swali langu ulilitupa wapi?" Alikuwa amekesha na majirani zake wakisikiliza kwenye simu yake, wakisubiri lisomwe. Sikuwa na la kumjibu.

Nilifanya wanalofanya wengi. Niliipigia simu kampuni ya intaneti, nikafoka, kisha nikanunua ruta mpya kwa zaidi ya shilingi 4,000. Ruta mpya nayo ikawa inakatika vilevile. Kumbe kampuni haikuwa na kosa, na ruta ya kwanza haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa nyumbani kwangu, na lingenigharimu robo saa kulijua kama ningepima kwanza.

Tuelewane hapa: waifai si intaneti. Waifai ni safari fupi ya mawimbi kutoka kwenye kompyuta yako hadi kwenye ruta. Intaneti ni safari ndefu inayoanzia kwenye ruta, ikapita kwenye kebo au mnara, ikafika Mombasa na kuingia kwenye nyaya za chini ya bahari. Ukisema "mtandao umekatika" hujasema ni safari ipi. Fundi hawezi kukusaidia, na wewe mwenyewe huwezi kujisaidia.

Namna ya kujua ni hii, na haihitaji pesa. Kwenye kompyuta ya Windows, andika cmd mahali pa kutafutia, ubonyeze Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Lisikutishe. Andika ipconfig, utafute mstari ulioandikwa Default Gateway. Nambari iliyo hapo ndiyo anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Sasa andika ping -t na anwani hiyo. Kompyuta itaanza kubisha hodi kwa ruta kila sekunde na kukuonyesha imechukua muda gani kuitikiwa. Fungua dirisha la pili, uandike ping -t 8.8.8.8. Huko unabisha hodi nje, kwenye mtambo wa Google. Yaache madirisha yote mawili yakiendelea huku ukifanya kazi zako, na mtandao utakapokatika uyatazame. Kuyasimamisha, bonyeza Ctrl na C.

Kama dirisha la kwanza linajibiwa vizuri, kwa milisekunde chache tu, na la pili linasema Request timed out, nyumbani kwako kuko sawa. Tatizo liko nje, na hapo una haki ya kuipigia kampuni. Waambie saa iliyokatika na ulichokiona. Mtu anayesema "saa mbili na dakika kumi ruta ilikuwa inajibu lakini nje hakujibu" hahudumiwi sawa na anayesema "mnatuibia". Ikiwa madirisha yote mawili yamenyamaza, safari fupi ndiyo imevunjika, na hakuna fundi wa barabarani atakayeitengeneza. Mara chache utakuta yote mawili yanajibu na bado kurasa hazifunguki. Hapo mtambo unaotafsiri majina ya tovuti kuwa nambari ndio umekwama, na kuzima ruta na kuiwasha mara nyingi hutosha.

Kwangu madirisha yote mawili yalinyamaza. Nikahamisha kipakatalishi sebuleni, mita mbili kutoka kwenye ruta, na majibu yakaja bila kukosa. Ruta yangu ilikuwa ndani ya kabati la televisheni, nyuma ya televisheni yenyewe, kwa sababu mke wangu hakupenda zile taa. Kati yake na chumba cha kulala kuna kuta mbili za mawe. Mawimbi hupungua nguvu kila yanapopita ukutani, na mawe na zege huyapunguza sana. Chuma na mabati huyarudisha. Wenye duka la mabati lililo nyuma ya nyumba, ruta ikiwa ndani ya nyumba, msishangae. Friji na tangi la maji lililojaa pia ni vizuizi. Iweke ruta juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba. Mimi niliitundika ukutani kwenye korido kwa misumari miwili.

Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya namna mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 5 yana kasi zaidi lakini huchoka upesi ukutani. Ya 2.4 hufika mbali, ila ndiyo yanayotumiwa na majirani wote, na mikrowevu nayo huyavuruga inapopasha chakula. Wanaoishi kwenye maghorofa ya kupanga wanajua: ukitafuta waifai unaona majina ishirini. Katika gigahezi 2.4 ni chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uchague ile ambayo majirani hawajaijaza. Ukiwa chumba kimoja na ruta, tumia 5 na uachane na fujo hizo.

Nilipokwisha kuhamisha ruta, tatizo lilipungua lakini halikuisha. Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba kompyuta ilikatika tu ilipokuwa haijachomekwa kwenye stima. Ikitumia betri, ilikuwa inaibania kadi ya waifai umeme ili betri idumu. Fungua Device Manager, uende kwenye Network adapters, ubonyeze mara mbili jina la kadi yako ya waifai, na chini ya Power Management uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho. Kompyuta nyingine hazina ukurasa huo. Kwa hizo, zima hali ya kuokoa betri unapokuwa na kikao. Ukiwa papo hapo, hakikisha programu inayoendesha kadi hiyo si ya zamani. Ipakue kutoka kwenye tovuti ya waliotengeneza kompyuta yako, wala usidanganywe na matangazo yanayojitokeza kwenye skrini.

Ukiwa na kikao ambacho hutaki kukikosa, chukua waya wa mtandao uchomeke kompyuta moja kwa moja kwenye ruta. Waya haujui ukuta wala mikrowevu. Huo ndio ninaoutumia siku za vikao, na ni kipimo pia: waya ukifanya kazi na waifai ikikataa, umeshajua.

Kuhusu kuzima na kuwasha ruta, inasaidia, sibishi. Lakini ukilazimika kufanya hivyo kila siku, kagua adapta. Ruta iliyoandikiwa volti 12 ikipewa adapta ya volti 9 iliyookotwa kwenye droo inaweza kuwa inajizima yenyewe. Angalia pia kama inachemka.

Kuna siku ambazo hakuna utakalofanya. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja, na intaneti ikadorora hapa Kenya na kwa majirani zetu. Siku kama hiyo ruta yako itajibu vizuri kabisa na nje kutakuwa kimya. Pumzisha misumari.

Mama wa kisima nilimpigia simu kabla ya kikao cha mwaka huu. Swali lake nililisoma la kwanza, waya ukiwa umechomekwa.

Naona wengine mmekuja na vipakatalishi vyenu. Vileteni hapa mezani, tufungue lile dirisha jeusi pamoja. Anayeshindwa kuingia kwenye eCitizen kila jioni aanze, kwa sababu leseni yake inaisha wiki ijayo.