Hofu ya Ghafla Shuleni Ina Tiba
(Hotuba ya vijana kwa kamati za parokia na wafadhili)



Ndugu wajumbe wa kamati za parokia, wafadhili, wazazi na walezi wetu. Sisi ni vijana tuliosumbuliwa na hofu ya ghafla tukiwa shuleni, na leo tunaendelea na masomo.

Hofu hii haibishi hodi. Moyo hudunda, kifua hubana, vidole hufa ganzi, na mwanafunzi huamini kwamba anakufa. Mara nyingi hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hupungua. Ndipo huanza woga wa pili: kuogopa kwamba itarudi. Kwa woga huo tuliacha kuingia darasani, kuimba kwaya, hata kupanda basi. Wapo waliosema tuna mapepo, na wapo waliosema tunakwepa mitihani.

Tulianzia zahanati, na inafaa kufanya hivyo, kwa kuwa upungufu wa damu na maradhi ya moyo huweza kuleta dalili kama hizo. Tulipoonekana hatuna maradhi hayo, tulipelekwa kwa mshauri nasaha. Alitueleza kwamba mtu akiona moyo unaenda mbio na kudhani ni kifo, woga huongezeka, na moyo huzidi kwenda mbio. Hata ile ganzi ya vidole huletwa na kuhema haraka mno.

Tiba ilikuwa ya hatua kwa hatua. Tuliandika daftarini tulichokiogopa na kilichotokea kweli. Tulipanda ngazi mbio kwa makusudi, tukaona moyo unadunda na hatufi. Kisha tulirudi taratibu tulikokukimbia: kwanza mlangoni mwa darasa, halafu kiti cha nyuma, mwisho chumba cha mtihani. Baadhi yetu bado hushtuka siku za mitihani, ila hatukimbii tena. Sala zilitutia moyo; tiba ilitufundisha la kufanya.

Wataalamu ni wachache, lakini njia ipo. Nchini Kenya, mpango wa Shamiri huwafunza vijana waliomaliza sekondari kuongoza vikundi vya wanafunzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wasiwasi na sonona vilipungua kwa wanafunzi walioshiriki.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

1. Mwanafunzi mwenye dalili hizi asirudishwe nyumbani wala kuitwa mwenye mapepo kabla hajapimwa.

2. Kila parokia itenge chumba chenye faragha, walau mara moja kwa wiki, kwa ajili ya mshauri.

3. Wafadhili wachangie nauli ya wanafunzi kwenda kwa mshauri, na mafunzo ya walimu.

Ada mmekwisha kutulipia, nasi tunawashukuru. Lakini mwanafunzi anayeogopa kuingia darasani, ada yake inapotea bure, na yeye mwenyewe anaweza kupotea. Msaidieni abaki.