Turudishe Soko la Madina Kisumu

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Kisumu, baada ya swala ya alasiri, mwezi wa Ramadhan)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alikuwa mfanyabiashara, na watu wa Makka wakimwita Al-Amin, yaani mwaminifu.

Ndugu zangu vijana, wazazi wangu, na wewe msomaji uliyeketi nyumbani ukisubiri adhana ya magharibi, leo sitazungumza juu ya futari wala juu ya fadhila za tarawehe. Hayo mmeyasikia na Inshaallah mtayasikia tena. Leo nataka tuzungumze juu ya soko. Na nitaanza na jambo la kuniaibisha mimi mwenyewe.

Nilipokuwa na miaka 16, likizo ya shule iliangukia Ramadhan. Nikapata kibarua kwa tajiri mmoja wa nafaka hapa mjini. Siku ya kwanza akanifundisha kushika gorogoro. Nyote mwalijua gorogoro, lile kopo la kilo mbili ambalo kwetu huku ndio mizani ya maskini. Lile la kwetu kitako chake kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani. Unachota haraka, unaacha kilele juu kama mlima, mteja afurahi. Anauona mlima wa juu, haoni kilima kilichojificha chini.

Siku moja akaja mama wa makamo, muuza nyoyo. Akanunua gorogoro nne za maharagwe akaenda zake. Baada ya saa moja akarudi na kopo lake mkononi. Hakupiga kelele. Aliyamimina yale maharagwe mbele yangu, akapima, akanionyesha palipopungua. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi si Mwislamu. Nilikuja kwako kwa sababu nilikuona na kofia, nikajua umefunga. Sasa wewe umefunga nini?"

Jamani, sikuwa na jibu. Nilikuwa na njaa na kiu tangu alfajiri, na mkononi nimeshika kopo la wizi. Miaka mingi imepita na swali la yule mama bado linanijia kila Ramadhan. Leo nawaletea na nyinyi.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kopo likipungua gramu 100 tu, na ukauza makopo 30 kwa siku, umeiba kilo 3. Kwa siku 30 za Ramadhan ni kilo 90. Hilo ni gunia zima la mahindi! Lau mtu angeingia usiku akakuibia gunia ungepiga mayowe mtaa mzima uamke. Lakini gunia hili linaibiwa mchana, kidogo kidogo, kwa watu wanaonunua cha kula leo leo. Qur'an ina sura nzima, sura ya 83, iliyopewa jina la watu hawa, wanaotaka kutimiziwa wanapopimiwa na wanaopunja wanapowapimia wengine. Hawakutajwa kwa kuacha swala. Walitajwa kwa kipimo.

SOKO LA MADINA LILIKUWAJE?

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, msikiti ulijengwa. Hilo kila mtoto wa madrasa analijua. Ambalo hatufundishi sana ni kwamba pia aliwatengea Waislamu mahali pa soko. Mji ulikuwa tayari na soko, lile la Banu Qaynuqa, na huko ndiko Abdurrahman bin Auf (R.A.) alikokwenda alipofika kutoka Makka mikono mitupu. Ndugu yake wa Kiansari alimpa nusu ya mali yake. Yeye akamuombea baraka, akaomba aonyeshwe soko tu. Akaanza na jibini na samli, na baadaye akawa katika matajiri wa umma. Kijana unayesubiri kazi ya ofisi, lisikie hilo.

Sasa, soko lile la Waislamu lilikuwa na alama gani? Nitataja tano.

Kwanza, lilikuwa wazi. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) aliagiza lisibanwe na wala watu wasitozwe kodi ndani yake. Na Sayyidna Umar (R.A.) aliliona soko kama msikiti: aliyetangulia mahali ana haki napo mpaka ainuke. Hakuna kibanda cha urithi, hakuna mtu wa kukuuzia nafasi. Wanahistoria wa Madina wanasimulia kuwa khalifa Hisham bin Abdul-Malik, aliyefariki mwaka 743, alijenga majengo pale sokoni yakakodishwa, na alipokufa watu waliyabomoa. Yaani miaka mia moja baadaye wenyeji walikuwa bado wanajua kuwa soko ni lao wote.

Pili, bidhaa zilikuwa wazi. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika rundo la chakula, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, na akaambiwa kuwa mwenye kughushi si miongoni mwetu.

Tatu, bei haikufichwa. Ilikatazwa kuwaendea njiani wenye bidhaa kabla hawajafika sokoni na kujua bei, na aliyeuziwa hivyo akapewa haki ya kuvunja biashara akifika sokoni. Lakini tuelewe vizuri: bei zilipopanda na watu wakamuomba Mtume (S.A.W.) azipange, alikataa. Hakutaka kumdhulumu muuzaji pia. Alichopiga vita ni hila na kuhodhi. Soko la haki si soko la bei ya kulazimishwa. Ni soko ambalo wote wawili, muuzaji na mnunuzi, wanajua wanachofanya.

Nne, riba haikuwa na nafasi, lakini mtaji ulikuwepo. Mwenye mali alimpa mwenye nguvu afanye biashara, faida wakagawana kwa mapatano, na hasara ya mali ikabebwa na mwenye mali. Bibi Khadija (R.A.) alimkabidhi Mtume (S.A.W.) bidhaa zake hadi Sham kabla hawajaoana.

Tano, soko lilikuwa na mwangalizi. Sayyidna Umar alikuwa akizunguka sokoni mwenyewe, na inasimuliwa kuwa alimpa bibi mmoja msomi, Shifa bint Abdullah, kazi ya kulisimamia soko. Ndiyo, mwanamke. Baadaye kazi hii ikaitwa hisba na mwenye kuifanya muhtasib. Kazi yake ni kukagua mizani, vipimo na usafi.

NA MASOKO YETU JE?

Sisi watu wa Kisumu ni watoto wa soko. Reli ilipofika hapa mwaka 1901 ikakutana na majahazi na meli za ziwa, na Waswahili, Wahindi, Wanubi, Wajaluo na Waluhya wakakutana kwa sababu ya kuuza na kununua. Nenda Kibuye siku ya Jumapili uone. Utapata kila kitu, kuanzia mtumba na kuku hadi samani na nyanya za mafungu. Uhai upo. Walakini haki ndiyo inayotoroka.

Tuanze na samaki. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, na boti ni nyingi. Samaki wakipungua, mwenye samaki anakuwa sultani. Katika fuo nyingi mvuvi huchukua nyavu, mafuta ya injini au pesa za chakula kutoka kwa wakala, na kuanzia siku hiyo hana ruhusa ya kumuuzia mwingine. Bei anaambiwa. Hajafika hata ufuoni, ameshauzwa yeye na mbuta wake. Je, hili si lile la kuwaendea wenye bidhaa njiani?

Na mama anayenunua samaki naye ana yake. Wazazi wangu mnisamehe, ni mwezi mtukufu, lakini haya yako kwetu na kunyamaza si heshima. Kuna mfumo unaoitwa jaboya, ambapo mwanamke hapati samaki mpaka ajitoe mwili wake kwa mvuvi. Pesa anazo, anaambiwa hazitoshi. Maradhi yameingia katika nyumba nyingi kwa njia hii, na mayatima wake tunaishi nao. Ukila omena yako ya daku, jiulize imepita mikono gani.

Kuna akina mama waliolikataa. Ufuoni Nduru, si mbali na hapa, mwaka 2011 wanawake walianza kumiliki boti zao wenyewe kwa msaada wa wafadhili, wakawaajiri wanaume kuvua. Aliyekuwa akiomba samaki akawa ndiye mwenye samaki! Lakini boti huzeeka, na mafuriko ya 2020 yakaifunika Nduru na kuwahamisha watu. Somo langu hapo ni hili: haki bila mfuko wa kuikarabati haidumu. Na mfuko wa namna hiyo sisi tunao katika dini yetu, unaitwa wakfu. Mali inabaki, manufaa yake yanatumika. Babu zetu wa pwani waliweka wakfu nyumba, mashamba na maduka kwa ajili ya misikiti. Kwa nini sisi wa ziwani tusiweke wakfu boti, au jokofu la samaki, au mizani?

Kisha kuna mikopo. Benki za Kiislamu zipo nchini tangu 2008, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini muuza sukumawiki anayehitaji shilingi 1,000 saa kumi na moja alfajiri haendi benki. Anakwenda kwa shailoki, ama anabonyeza simu. Jioni ile faida yote ni ya mwenye deni. Tunasimama mimbarini tunamwambia riba ni haramu, na tunasema kweli. Tumempa nini badala yake?

TUANZE WAPI?

Wengine mtasema, ustadhi, haya ni makubwa, ni kazi ya serikali. Sikubali. Sisemi tusilipe ushuru wa kaunti. Sheria ni sheria. Nasema tuanze na kidogo kilicho mikononi mwetu. Mapendekezo yangu ni haya.

1. Siku moja ya wiki, katika uwanja wa msikiti au wa madrasa, tufungue soko. Nafasi iwe bure, anayewahi ndiye anayekaa, na jioni kila mtu aondoe meza yake. Wiki ijayo wanaanza upya.

2. Mlangoni iwekwe mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo. Mnunuzi yeyote, Mwislamu na asiye Mwislamu, apime tena bila kuomba ruhusa. Gorogoro iliyogongwa itolewe nje, pamoja na mwenyewe.

3. Ubao wa bei. Vijana mna simu. Asubuhi ulizeni bei ya omena Dunga, ya ngege Kendu Bay, ya mahindi Kibuye, mziandike kwa chaki kubwa. Mvuvi na mkulima wakijua bei, dalali atabaki na ujira wake wa halali tu.

4. Mfuko wa qardhun hasan. Watu 50 wakitoa shilingi 200 kila mmoja, zipo 10,000. Wakopeshwe wauzaji 10, shilingi 1,000 kila mmoja, warudishe bila nyongeza. Hesabu isomwe hadharani kila mwezi, kwa sababu mfuko usiosomwa hugeuka kuwa mfuko wa mtu.

5. Waangalizi wawe wawili, mmoja mwanamke, na wasiwe wauzaji.

Kuna anayeogopa kuwa tunataka soko la kujitenga. La hasha! Mtume wetu (S.A.W.) alifariki ngao yake ikiwa rehani kwa Myahudi aliyemuuzia shayiri. Soko la Madina lilijulikana kwa uadilifu wake, na kila mtu aliingia. Soko letu likiwa la Waislamu peke yao, yule mama wa nyoyo atapimiwa wapi?

Na kuna hatari moja niiseme wazi. Tukiandika juu ya mlango "Soko la Kiislamu" halafu ndani kopo liwe limegongwa, tutakuwa tumefanya dhambi mbili, ya kupunja na ya kuichafua dini. Afadhali tusiandike kitu. Acheni watu waseme wenyewe.

Wewe muuza tende uliyepandisha bei tangu mwezi ulipoandama, wewe kijana wa bodaboda unayemtoza mgeni mara mbili, na mimi mwenyewe niliyeshika lile kopo, tubuni pamoja nami. Toba ya haki ya mtu haitimii kwa istighfari peke yake, mpaka umrudishie alichopungukiwa. Mimi nilimtafuta yule mama baada ya Idi sikumpata. Nilitoa sadaka kwa niaba yake, na bado nina deni. Usisubiri ufike hapo nilipo.

Usiku wa leo ukirudi nyumbani, kabla ya daku, chukua kipimo chako cha biashara ukigeuze. Tazama kitako chake.

Allah atutakabalie funga zetu, azitakase riziki zetu na atupe nguvu ya kupima kwa haki. Aamin.