Mpangaji Mnunuzi na Hati ya Nyumba

Nchini Kenya, ambako Shirika la Kitaifa la Nyumba limeutumia kwa miongo mingi, utaratibu wa mpangaji mnunuzi humruhusu mtu asiyeweza kulipa bei ya nyumba kwa mkupuo kutoa kianzio, yaani sehemu ya kwanza ya bei, kisha kuhamia na kulipa kila mwezi kiasi kinachojumlisha deni na riba. Hata anapojiita mwenye nyumba mbele ya majirani, jambo ambalo ni la kawaida, mlipaji huyo kisheria bado ni mpangaji, kwa kuwa hatimiliki, ambayo ni hati rasmi ya kuthibitisha umiliki, haihamishiwi kwake mpaka deni liishe. Kwa hiyo kifungu cha mkataba kinachostahili kusomwa mara mbili ni kile kinachoeleza hatima ya fedha zilizokwisha kutolewa iwapo malipo yatakwama. Kwa nyumba za ghorofa, sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo huwezesha kila nyumba kupata hati yake, huku ngazi na paa vikibaki mali ya pamoja, ambayo matunzo yake hugharimiwa kwa ada ya huduma isiyokoma hata deni linapokwisha.