Kiingereza cha Watoto Wetu Kabla ya Sekondari Pevu

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, mwalimu, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imeniagiza niseme juu ya somo la Kiingereza katika madarasa ya kati, yaani Gredi ya 7, ya 8 na ya 9, na jinsi ya kuwaweka tayari watoto wetu watakaoingia Sekondari Pevu. Nitasema kama mwalimu wa somo hilo. Lakini mwisho wa maneno yangu nitaomba fedha, na ni vema mjue hivyo tangu sasa.

Shule ya kati si jambo geni katika nchi hii. Baada ya ripoti ya kamati ya Beecher ya mwaka 1949, mtoto wa Kiafrika alisoma miaka 4 ya shule ya msingi. Kisha, akishinda mtihani, miaka 4 ya shule ya kati. Kisha, akishinda tena, miaka 4 ya sekondari. Kila mlango ulikuwa mwembamba, na bawabu wa mlango wa pili alikuwa Kiingereza. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind, kilichotolewa mwaka 1986, habari za mvulana wa darasa lake la mwaka 1954. Mvulana yule alipata alama za juu katika masomo yote, ila Kiingereza alianguka. Basi akahesabiwa ameanguka mtihani mzima, akawa utingo katika kampuni ya mabasi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye katika masomo mengine alipita kwa kawaida tu, lakini Kiingereza alifanya vizuri, alipata nafasi Alliance High School.

Siku hizi mambo yamebadilika. Wazee waliofanya CPE, na wadogo wao waliofanya KCPE, iliyoanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023, wamezoea habari ya mtihani wa siku chache unaokata shauri la maisha. Sasa alama za mtoto hukusanywa polepole. Katika kila 100, alama 20 zatokana na tathmini ya Gredi ya 6, 20 zatokana na kazi anazopimwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, na 60 zatokana na tathmini ya KJSEA mwishoni mwa Gredi ya 9. Kundi la kwanza, watoto zaidi ya milioni 1, waliifanya mwaka 2025. Kwa hiyo mzazi anayengoja mtoto afike Gredi ya 9 ndipo amnunulie kitabu amekwisha chelewa.

Wazazi wengine huniuliza: kama mtoto wangu atachagua njia ya sayansi, teknolojia na hisabati, Kiingereza cha nini? Mabwana na mabibi, njia za Sekondari Pevu ni 3: hiyo ya sayansi, ile ya sayansi ya jamii, na ile ya sanaa na michezo. Kiingereza ni lazima katika zote. Tena, kitabu cha biolojia kimeandikwa kwa lugha gani? Nitatoa mfano mmoja. Swali laweza kumwambia mtoto "describe", au laweza kumwambia "explain". Kwa Kiswahili mara nyingi twayafasiri maneno haya yote mawili kuwa "eleza". Walakini la kwanza lataka aseme kitu kilivyo, na la pili lataka aseme kwa nini kiko hivyo. Mtoto aliyetakiwa kusema kwa nini mmea umenyauka, naye akaandika kwa ufasaha jinsi majani yalivyolegea na kugeuka rangi, hapati kitu. Si kwamba hajui sayansi. Hakulijua swali.

Makosa madogo ya sarufi hayanitishi sana. Watoto wetu humwita mama yao "he" kwa kuwa sisi twasema "yeye" kwa mwanamume na mwanamke, na husahau "a" na "the" kwa kuwa lugha zetu hazina vijineno hivyo. Haya hupungua yenyewe mtoto anaposoma kurasa nyingi. Linalonitisha ni lingine. Yuko mtoto wa Gredi ya 8 atakayesimama mbele yenu na kusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri kama mtangazaji wa redio. Nawe ukimwuliza ni nini kilichotokea katika hadithi, anakutazama. Kiswahili chetu kimetuficha jambo hili, kwa maana neno "kusoma" latumika kwa yule aendaye shule na kwa yule afunguaye kitabu. Baba akiuliza, "Unasoma vizuri?" mtoto hujibu, "Ndiyo, baba," wala hasemi uongo.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Somo la Kiingereza lina vipindi 5 kwa juma, kila kimoja dakika 40. Jumla ni dakika 200. Darasa likiwa na watoto 50, kila mtoto ana fungu la dakika 4 za mwalimu wake kwa juma zima. Na mwalimu akiwapa insha moja, akitumia dakika 6 kusahihisha kila daftari, hiyo ni kazi ya saa 5, nje ya kufundisha. Hapana shaka wako walimu wavivu, sikatai. Lakini hata mwalimu hodari hawezi kuwatosheleza watoto hao kwa chaki peke yake. Mahali pa kuongeza saa za kusoma ni nyumbani, jioni, na siku za likizo. Na huko nyumbani hakuna vitabu. Shuleni vilevile ni vichache. Madarasa haya yalipoanza mwaka 2023 yaliwekwa ndani ya shule za msingi, na nyingi katika hizo hazikuwa na maktaba.

Kuna wanachama waliopendekeza kwamba tuwakataze watoto lugha ya mama nyumbani ili Kiingereza kikomae. Naomba tusifanye hivyo. Wapo wazee hapa waliovishwa kipande shingoni kwa kosa la kusema lugha yao, nao wanajua kilichowafundisha ni kunyamaza. Mtoto asiyeweza kupanga habari kwa lugha aliyonyonya nayo hataipanga kwa lugha ya kigeni. Na hapa ndipo kazi ya wazee ilipo, hata yule asiyejua neno moja la Kiingereza. Hadithi za mdomo zimo katika mafunzo ya somo hili. Mzee amsimulie mjukuu habari ya njaa aliyoiona, au jinsi mto ule ulivyopata jina lake, kisha amwambie airudie tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Kesho yake mtoto aiandike kwa Kiingereza, ukurasa mmoja. Insha ya namna hiyo nikiletewa huijua mara moja, kwa sababu ina kitu ndani yake.

Sasa nafika kwenye fedha. Kila mwaka mfuko wetu wa elimu hutumika wote kulipa karo ya wanaoingia sekondari. Naomba sehemu 1 katika 10 ya mfuko huo itengwe kununua vitabu vya hadithi vya Kiingereza vilivyo rahisi kwa watoto wa Gredi ya 7 na ya 8, pamoja na kamusi 4. Najua maana ya ombi hili. Ni kwamba mwaka ujao yuko mtoto mmoja au wawili watakaopata msaada mdogo kuliko walivyotumaini, nao ni watoto wa watu walioketi hapa.

Mzee mmoja aliniambia kwamba kitabu hupotea, karo haipotei. Nilimheshimu, lakini sikukubaliana naye. Karo nayo hupotea, tena nyingi, iwapo mtoto aketi miaka 3 mbele ya vitabu asivyovielewa.

Vitabu vitawekwa katika sanduku la bati lenye kufuli, si katika kabati ya ofisi ambako havitaguswa. Ufunguo atakaa nao mwanachama mmoja wa nyumbani aliye karibu na shule. Mtoto ataazima kitabu kimoja kwa juma, jina lake litaandikwa, na akikirudisha atasimulia kilichomo kabla ya kupewa kingine. Asimulie kwa lugha yoyote. Kitakachopotea, mzazi atalipa nusu ya bei na Chama nusu.

Orodha ya vitabu na bei zake anayo Bwana Katibu. Naomba jambo hili lipigiwe kura leo, kabla ya kusomwa kwa majina ya watakaosaidiwa karo, ili kila mtu apige kura yake kabla ya kujua ni mtoto wa nani atakayepunguziwa.