Njia za Waendao kwa Miguu na kwa Baiskeli katika Ronge



Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo karibu kila mmoja wenu amelifanya asubuhi hii kabla ya kufika hapa, nalo ni kutembea. Wachache wamekuja kwa pikipiki, na mmoja au wawili kwa motokaa. Walio wengi wamekuja kwa miguu, na wengine wamezikokota baiskeli zao mlimani. Basi nauliza: katika mipango yote ya barabara mliyopata kusomewa barazani, ni mara ngapi mmesikia habari ya mguu na ya baiskeli?

Mtu akitaja barabara, mara fikira zetu huenda kwenye lami. Mimi siitukani lami. Inapofika, mgonjwa huwahi hospitali na nyanya haziozi njiani. Lakini lami huja na mwenzake, nao ni mwendo. Dereva aliyekuwa akipita polepole kwa ajili ya mashimo hana tena cha kumzuia. Hebu tufanye hesabu ndogo. Motokaa iendayo kilometa 50 kwa saa hukata mita 14 hivi kwa sekunde moja. Dereva akimwona mtoto anaingia barabarani, yapita kama sekunde nzima kabla mguu wake haujakanyaga breki. Basi mita 14 zimekwisha, na gari bado halijaanza kupungua mwendo. Mtu akigongwa kwa mwendo wa kilometa 30 huenda akapona. Kwa 50 na zaidi, hatari ya kufa huongezeka mara nyingi. Sheria ya Kenya yakataza kupita kilometa 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara, nanyi mwajua ni madereva wangapi waitiio. Tangu mwaka 2021 hadi 2024, kila mwaka watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na kundi lililo kubwa kuliko yote katika hao ni la waendao kwa miguu.

Sasa tutazame kwetu. Ronge Juu iko vilimani, penye msitu na baridi. Ronge Nyika iko chini, penye jua. Motokaa haiwezi mteremko mkali, kwa hiyo barabara yake huzunguka. Mwanadamu hakubali kuzunguka. Hukata moja kwa moja kwa kijia. Vijia hivyo ndivyo barabara kuu za watu wa hapa, ingawa mhandisi akifungua ramani yake huenda asikione hata kimoja. Na kisichoonekana katika ramani hakitengewi fedha.

Vijia hufa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ua. Mtu akishapata hati ya shamba lake, huzungusha miti na seng'enge, na njia waliyopita babu zake na babu za jirani yake huzibwa siku moja. Simlaumu sana, maana shamba ni lake. Lakini watoto wa shule hulazimika kushuka hadi barabara kubwa na kutembea ukingoni mwa magari. Ya pili ni maji. Mafundi huchimba mtaro ili barabara ya motokaa isiharibike, kisha huyaelekeza maji yote penye kijia. Mvua za Machi hadi Mei zikimalizika, kijia kimekuwa korongo. Barabara imepona, njia ya miguu imekufa, na katika hesabu za kazi hakuna hasara iliyoandikwa.

Huko nyikani tuna shauri jingine, ambalo vitabu vya wageni havilitaji. Sisi ni majirani wa mbuga za Tsavo, zilizowekwa mwaka 1948, na tembo hawajui mpaka. Njia ya mtoto aendaye shule alfajiri yapasa kufyekwa vichaka pande zote mbili, ili aone mbali kabla hajakaribia. Kazi hiyo ni ya panga na jembe, wala haingoji mashine kutoka Mombasa.

Baiskeli nayo ina matakwa yake. Ngazi za mawe humfaa atembeaye, lakini mwenye baiskeli iliyobeba gunia hawezi kuzipanda. Njia yake yapasa kufuata ubavu wa mlima polepole, na upana wake uwe kama mita 2, ili anayepanda na anayeshuka wapishane. Na yale madaraja ya gogo moja, tafadhali tuyaache. Nimemwona mama mwenye mzigo kichwani akilivuka moja siku ya mvua, nami nikafumba macho.

Najua kijana mmoja atasema: tukitengeneza njia ya mita 2, pikipiki zitaiteka. Ni kweli. Penye nafasi ya baiskeli yenye mzigo, pikipiki nayo hupita. Hakuna nguzo iwezayo kuzitenga. Hapo hapana budi wenyeji na vijana wa bodaboda wapatane wenyewe.

Wengine watasema, fedha ni chache, tujenge kwanza barabara, njia za miguu zitafuata. Itazameni barabara ya Nairobi kwenda Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012. Ni pana na nzuri, lakini watu walionekana wakikimbia kati ya magari ili wavuke, na madaraja mengine ya miguu yalikuja kujengwa baadaye. Mwaka 2015 Nairobi iliandika sera yake, ikaahidi kutenga shilingi 20 katika kila 100 za ujenzi wa barabara kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Ahadi si njia, lakini yampa mwananchi neno la kudai. Hata Uholanzi, inayosifiwa leo kwa baiskeli, mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa katika barabara zake, na mamia kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia mitaani kudai, ndipo njia zikajengwa.

Kwetu, tangu mwaka 2013 barabara ndogo ni kazi ya serikali ya kaunti, na mipango yake huandikwa kwa miaka mitano mitano. Ulioko sasa ni wa 2023 hadi 2027. Sheria yataka mwananchi asikilizwe kabla mpango haujaandikwa. Mtakapoitwa, msiende na malalamiko matupu, nendeni na hesabu.

Kuhesabu hakuhitaji elimu kubwa. Chagueni siku mbili, moja ya soko na moja ya kawaida. Watu wawili wakae penye njia panda tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, wakiwa na vibuyu vinne. Kwa kila apitaye kwa miguu tieni punje ya hindi, mtoto wa shule, harage, baiskeli, kunde, na kwa kila motokaa au pikipiki, kokoto. Jioni mwageni, mhesabu, mwandike katika daftari pamoja na jina la mahali na tarehe. Ongezeni na orodha ya vijia vilivyozibwa, na mahali ambapo watoto huvuka barabara. Wekeni nakala moja kwa mzee wa kijiji, na ya pili mpeni mwakilishi wenu wa wadi mkononi mwake, mbele ya mashahidi.