Bikira Maria katika Kambi ya Wachimba Shaba: Ibada, Ndoa na Fadhila za Nyumba ya Kikatoliki

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mjini Kolwezi, Katanga, padre mmoja Mfransisko kutoka Ubelgiji alianza kuketi jioni na wachimba shaba na wake zao. Jina lake Placide Tempels. Alikuwa amefika Kongo mwaka 1933, na mwaka 1945 alitoa kitabu chake maarufu juu ya falsafa ya Wabantu, kitabu kilichomletea sifa na lawama kwa mkupuo mmoja. Huko Kolwezi hakuja kuwahutubia watu juu ya falsafa yao. Aliwauliza wanatamani nini maishani, akawaacha waseme.

Kambi walimoishi watu hao zilikuwa za kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni hiyo ilikuwa imepunguza kutegemea vibarua wa muda mfupi; iliwapa watu mikataba mirefu na kuwahimiza waishi kambini pamoja na wake zao. Nyumba, posho ya chakula, kliniki ya wajawazito na shule ya watoto, vyote vilipita mikononi mwa kampuni, na wamisionari wakasaidia kuviendesha. Familia njema, kwa hesabu ya kambi, ilikuwa ile ambayo mume anawahi zamu, mke anafagia ua, na watoto wanazaliwa wakiwa na afya. Mambo hayo ni mema, na hakuna haja ya kuyabeza. Lakini mtu anaweza kuyatimiza yote, tena akatunukiwa, na bado akawa hajawahi kumweleza mkewe hofu inayomkaba kila anapoingia kazini.

Watu wa Kolwezi walimjibu Tempels kwa maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Katika mazungumzo hayo kikazaliwa kikundi kilichoitwa Jamaa, kikaenea Katanga na Kasai, na mafundisho yake yakatolewa kwa Kiswahili cha huko huko. Waliingia mume na mke kwa pamoja. Hatua za malezi zilikuwa safari ya watu wawili, na wanajamaa waliitana baba na mama, mapadre nao wakihesabiwa ndani ya undugu huo. Kati ya mambo waliyotakiwa kufanya nyumbani, lililowasumbua wengi lilikuwa dogo kwa kulitaja: kuelezana mawazo, hata ndoto za usiku, bila kufichana. Mume aliyezoea kutoa amri na kudai maji ya kuoga alitakiwa aketi, aseme yaliyomo moyoni, kisha anyamaze amsikilize mwenzake.

Hapo ndipo Bikira Maria alipoingia. Kanisa limemwita Eva mpya tangu karne ya 2, kama alivyofundisha Irenei wa Lyon, na wanajamaa waliushika mfano huo kwa nguvu. Walimtazama Maria pamoja na Kristo, katika umoja wa mapendo usio na amri wala woga, wakaambiwa warudi nyumbani wautafute umoja huo kati yao. Ibada ikatoka kanisani ikaingia ndani ya nyumba, ikamdai mwanamume kwanza.

Mhadhara huu unasimama juu ya hoja hiyo. Katika parokia nyingi za Afrika Mashariki na Kongo, Maria ameelekezwa zaidi kwa wasichana na akina mama. Unyenyekevu, utii na uvumilivu hutajwa kwa jina lake, na wanaopewa kuuvaa uvumilivu huo mara nyingi ni walewale ambao tayari wanavumilia kupita kiasi. Injili yenyewe inasema zaidi ya hapo. Katika sura ya kwanza ya Luka, Maria anamuuliza malaika jambo hilo litawezekanaje, na malaika anamjibu bila kumkemea. Hekaluni Yerusalemu anamtaka mwanawe aeleze kwa nini amewatenda hivyo, yeye na baba yake. Kwenye harusi ya Kana yeye ndiye anayemwambia Yesu kwamba divai imekwisha, kisha anawaagiza watumishi. Mama huyu anaona, anauliza, anasema. Nyumba inayomheshimu Maria na kuwanyamazisha wanawake wake haijamsoma Luka wala Yohane.

Tena yupo Yosefu, ambaye katika mahubiri hupewa sifa ya ufundi na ukimya, basi. Mathayo anamweleza akiwa katika saa ngumu: mchumba ana mimba, sheria iko upande wake, na tayari ameazimia kumwacha kwa siri. Anaambiwa asiogope, naye anamchukua mkewe nyumbani. Fadhila ya kwanza ya baba wa Nazareti, kabla hajashika randa, ilikuwa kutomwacha mwanamke.

Si haki kuficha kwamba Jamaa ilipata misukosuko. Vikundi vingine vilipotoka, umoja wa kiroho ukavukishwa mipaka ya ndoa, na wale waliopotoka wakaitwa Katete. Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, akafariki mwaka 1977 bila kuiona Kongo tena, na maaskofu waliweka masharti makali kwa wanajamaa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Maaskofu walikuwa na sababu. Hata hivyo, kosa la waliopotoka halikufuta swali ambalo wachimba shaba na wake zao walikuwa wameliweka mezani: Maria ana nafasi gani katika maisha ya watu na nyumba zao?

Swali hilo lilikuwa linajadiliwa Roma pia, kwa njia nyingine. Tarehe 29 Oktoba 1963 mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walipiga kura kuamua kama Maria apewe hati yake peke yake au awekwe ndani ya hati ya Kanisa. Kura 1,114 zilitaka awe ndani, 1,074 zilipinga. Kwa tofauti ya kura 40 tu, Maria alibaki katikati ya watu wa Mungu, akawa sura ya 8 ya hati ya Lumen Gentium, iliyotangazwa tarehe 21 Novemba 1964. Hati hiyohiyo, katika namba ya 11, inaiita familia kanisa la nyumbani.

Siku kumi baada ya hati hiyo kutangazwa, huko Kongo, aliuawa sista Anuarite Nengapeta.

Alizaliwa Wamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, tarehe 29 Desemba 1939, katika nyumba ya mabinti watupu. Baba yake alimwacha mama yake kwa kuwa hakumzalia mtoto wa kiume, akaoa mwingine. Binti huyo aliingia utawa katika shirika la Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akaweka nadhiri mwaka 1959. Waasi wa Simba walipowachukua masista mwishoni mwa Novemba 1964, makamanda walitaka kumchukua kwa nguvu. Alikataa, akauawa Isiro usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, akiwa na miaka 24, akitamka msamaha kwa aliyemuua. Mwili wake ulipofukuliwa mwaka uliofuata, ulitambuliwa kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria aliyokuwa nayo. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, sikukuu ya Maria kupalizwa mbinguni.

Anuarite kwa kawaida hutajwa kama mfano wa usafi wa moyo, na ni kweli. Lakini anayetafuta fadhila za familia asiipite haraka habari ya baba yake. Msichana aliyejifunza jina la Jamaa Takatifu alitoka katika jamaa iliyovunjwa kwa sababu ya jinsia ya watoto, na hakuna sanamu ya Maria ukutani ingeponya jeraha hilo kama baba hakuwa tayari kuwa Yosefu. Nyumba za namna hiyo zipo leo Wamba, zipo Mbinga, zipo Kitui, na katika baadhi yake rozari inasaliwa kila jioni.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walipoziweka jumuiya ndogondogo mbele ya mipango yao mwaka 1976, walilileta Kanisa mlangoni kwa watu. Kila Oktoba jumuiya huhama nyumba kwa nyumba wakisali rozari. Atakayehesabu viti ataona kanga na vitenge vimejaa, na akina baba wachache karibu na mlango. Lawama haitawasogeza ndani. Kinachoweza kuwasogeza ni mafundisho ya ndoa yanayomsomesha bwana harusi sura ya kwanza ya Mathayo pamoja na mbili za mwanzo za Luka, yakamtaka aongoze fungu moja la rozari mbele ya mkewe na wanawe, kisha aulize kila mmoja siku yake imekuwaje na asubiri jibu. Katekista hahitaji bajeti wala kitabu kipya kwa kazi hiyo, na anaweza kuianza kwa wachumba watakaoandikishwa muhula huu.