Orton Chirwa: Kutoka Sanduku la Kura Hadi Gereza la Zomba



Katika majimbo mengi ya Marekani mwendesha mashtaka wa wilaya huchaguliwa na wananchi kwa kura, kama achaguliwavyo diwani. Huzunguka mitaani akijinadi, na akishindwa hurudi nyumbani kwake. Malawi haina utaratibu huo. Huko Mkurugenzi wa Mashtaka huteuliwa na Rais, kisha kamati ya Bunge ikamthibitisha. Hata hivyo ulikuwako wakati ambapo cheo cha juu kabisa cha mwanasheria wa serikali katika nchi hiyo kilishikwa na mtu aliyetoka kwenye sanduku la kura. Mtu huyo ni Orton Chirwa. Mkasa wake unawahusu askari kuliko hata unavyowahusu wanasiasa, kwa kuwa tangu kukamatwa mpaka kufia gerezani hatua zake nyingi zilipita mikononi mwa watu waliovaa sare.

Wasemao Kiswahili walioko Dzaleka, wilayani Dowa, na wale wanaoishi katika mitaa ya Lilongwe, wengi wao waliingia Malawi tangu miaka ya tisini, wakikimbia vita vya Kongo, Burundi na Rwanda. Kwao Dzaleka ni kambi ya wakimbizi, iliyofunguliwa mwaka 1994. Kwa wazee wa Malawi jina hilo lina maana nyingine. Dzaleka palikuwa mahali pa kuwafungia wapinzani wa Rais Kamuzu Banda. Mgeni anayelala juu ya ardhi hiyo hana budi kujua ni siasa gani iliyoijenga, na historia ya Chirwa ni sehemu ya siasa hiyo.

Chirwa alizaliwa mwaka 1919. Alikuwa mwalimu kwanza, kisha akasomea sheria Uingereza na kuwa wakili wa kwanza Mwafrika kutoka Nyasaland, kama Malawi ilivyoitwa wakati wa ukoloni. Machi 1959 serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, Banda na viongozi wengi walikamatwa. Chirwa naye alikamatwa, lakini aliachiliwa mapema kuliko wenzake. Septemba mwaka huo huo akawa rais wa kwanza wa Malawi Congress Party. Banda alipotoka kifungoni Aprili 1960, Chirwa alimwachia kiti hicho bila ugomvi. Wako wanaosema kwamba hapo ndipo alipokosea. Maneno hayo ni rahisi kusemwa leo. Mwaka 1960 hakuna mwananchi wa Nyasaland ambaye angemkubalia afanye vinginevyo.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 15 Agosti 1961. Chama kilinyakua viti vyote 20 vya daftari la chini, ambalo ndilo lililokuwa na wapiga kura wengi Waafrika. Chirwa akaingia Baraza la Kutunga Sheria, na baadaye akawa Waziri wa Sheria na Mwanasheria Mkuu. Mwaka 1964, miezi michache kabla ya uhuru, ulifanyika uchaguzi mwingine, lakini safari hiyo wagombea wote 50 wa chama katika daftari la jumla walipita bila kupingwa. Kwa hiyo katika chaguzi hizo mbili watu walipiga kura mara moja tu. Mara ya pili jina lilitosha. Mbunge aliyepita bila kupingwa hana wapiga kura wa kuwakimbilia siku atakapoandamwa. Kiti chake amepewa na chama, na chama kinaweza kukichukua.

Jambo hilo lilidhihirika upesi. Uhuru ulipatikana tarehe 6 Julai 1964. Mwezi huo huo mmoja wa mawaziri, Colin Cameron, mwanasheria Mzungu aliyekuwa rafiki wa chama, alijiuzulu kwa kupinga mpango wa kuwaweka watu kizuizini bila kesi. Mawaziri wengine walibaki, Mwanasheria Mkuu akiwa miongoni mwao. Hazikupita wiki saba. Mawaziri walimkabili Banda juu ya ada ya peni tatu hospitalini, juu ya Waafrika kucheleweshwa kushika vyeo vya serikali, na juu ya urafiki wake na Wareno na Makaburu. Tarehe 7 Septemba Banda akawafukuza Chirwa, Kanyama Chiume na Augustine Bwanausi, pamoja na Bibi Rose Chibambo. Wengine wakajiuzulu kwa kuwaunga mkono. Bunge likakutana kwa siku mbili na kumpigia Banda kura ya imani. Waliofukuzwa walijieleza kutoka viti vya nyuma, mbele ya wabunge ambao kila mmoja alijua kiti chake kimetoka wapi.

Chirwa akakimbilia Tanzania, akaishi Dar es Salaam akifanya kazi ya sheria. Kazi yake ya kuchaguliwa ilikuwa imekwisha, haikutimiza hata miaka minne.

Wakati yuko uhamishoni, mahakama za nyumbani zilibadilishwa. Palitokea mauaji ya kutisha katika mtaa wa Chilobwe, Blantyre, na mwaka 1969 Mahakama Kuu iliwaachilia washtakiwa kwa kuwa ushahidi haukutosha. Wabunge walighadhibika. Badala ya kuuliza kwa nini upelelezi ulikuwa dhaifu, walipitisha sheria ya kuzipa mahakama za jadi, zilizokaliwa na machifu, mamlaka ya kusikiliza kesi za mauaji. Majaji wa Mahakama Kuu wakajiuzulu. Baadaye mahakama hizo zikapewa na kesi za uhaini. Polisi anayesikiliza maneno haya ataona mara moja hatari iliyokuwamo. Mpelelezi ambaye hakimu hamdai ushahidi kamili huzoea kutoutafuta, na mwenye hatia ya kweli hubaki mtaani.

Tarehe 24 Desemba 1981 Chirwa, mkewe Vera, ambaye naye ni mwanasheria, na mtoto wao walitiwa mbaroni mpakani mwa Zambia na Malawi. Serikali ilisema waliingia Malawi wenyewe. Wao walisema walitekwa wakiwa upande wa Zambia. Mume na mke walishtakiwa kwa uhaini mbele ya mahakama ya jadi huko Blantyre. Hawakuruhusiwa kuwa na wakili, wala kuita mashahidi kutoka nje ya nchi. Mwanasheria Mkuu wa zamani alijitetea mwenyewe. Mei 1983 wote wawili wakahukumiwa kifo. Mahakama ya rufani iliulaumu mwendo wa kesi, na pamoja na hayo ikaiacha hukumu ibaki. Baada ya malalamiko ya dunia nzima, Juni 1984 Banda aliibadilisha iwe kifungo cha maisha.

Walifungwa katika gereza moja la Zomba, lakini kwa muda wa miaka minane hawakuonana, mpaka wanasheria kutoka Uingereza walipowatembelea mwaka 1992. Wiki chache baadaye, tarehe 20 Oktoba, Orton Chirwa akafariki dunia humo gerezani, akiwa na umri wa miaka 73. Mkewe hakuruhusiwa kwenda mazishini.

Utawala ule haukudumu. Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni wakakubali vyama vingi, na mwaka huo mahakama za jadi za mikoa zikasimamishwa. Desemba askari wa Jeshi la Malawi waliwanyang'anya silaha Malawi Young Pioneers, kundi la vijana wa chama lililokuwa limegeuka jeshi la pili nchini. Uchaguzi wa Mei 1994 ukamwondoa Banda.

Katiba iliyofuata haikurudisha mwanasheria wa kuchaguliwa. Iliweka Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye anaweza kupewa maelekezo na Mwanasheria Mkuu lakini kwa mengineyo ni huru. Na akifuta kesi hana budi kuieleza kamati ya sheria ya Bunge sababu zake katika siku kumi. Mahakimu wa wilaya bado huletewa kesi nyingi na polisi waendesha mashtaka wanaotumia mamlaka yake. Kwa hiyo koplo anayesimama kizimbani Dowa kusoma shtaka la wizi wa mbuzi, au la mkimbizi aliyetoka Dzaleka bila kibali, ameshika sehemu ya cheo kile kile.

Vera Chirwa aliachiliwa Januari 1993, baada ya miaka kumi na moja. Alianzisha shirika la kuwasaidia wananchi kisheria, na baadaye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilimteua kuwa mjumbe wake maalumu wa magereza. Alisafiri katika nchi za Afrika akikagua vyumba vya wafungwa, na askari wa zamu ndio waliomfungulia milango.